Niliyesimama Mahali pa Mbwa

Waliokwisha kunicheka wiki zilizopita wapumzishe mbavu kidogo, maana kicheko bado kipo. Na yule anayekutana nami leo kwa mara ya kwanza, nitamweleza kwa ufupi ni mtu wa namna gani anayezungumza naye, ili asije akanipa heshima nisiyostahili.

Mimi ni Sudi Mwinshehe, niliyekuwa bingwa wa mashindano ya mitumbwi katika mto Kilombero. Nilikaa nyuma ya mtumbwi wa Ifakara, na kafi langu ndilo lililouongoza. Nilisifiwa mjini, nikasifiwa sokoni, nikasifiwa hata na watu wasiojua kuogelea, na sifa zote nilizimeza bila kutafuna.

Katika sikukuu ya Malkia nilimfunga mbwa wa mjane mmoja kwenye mti uliosimikwa majini, kando ya matete. Mvuvi mmoja alikuwa ameniambia kwamba mamba wakisikia kilio cha mbwa huuacha mkondo na kukifuata, na hivyo mtumbwi wangu ungepita salama. Mimi, niliyekalishwa katika chuo cha Kurani tangu utoto, nikamsadiki mtu anayenuka kambare.

Mamba hawakuja. Nilishinda. Wanawake walipopiga vigelegele, sauti ya mbwa ikapanda juu ya vigelegele, na umati wote, pamoja na wageni wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, waliokaa chini ya turubai, ukageuza shingo. Mbwa akatolewa majini, kamba imekula shingo yake, akafia mapajani mwa mwenyewe.

Nilinyang'anywa kikombe, nikachapwa, nikafungwa. Nilipotoka, mjane yule, Balbina, akadai haki yake mbele ya hakimu wa baraza: mpunga unachanua, nguruwe mwitu wanakaribia, na mlinzi wake ameuawa. Hapo mzee mmoja wa baraza, Nikodemu, ndugu wa marehemu mume wa Balbina, akacheka, akasema, "Aliyemuua mbwa na asimame mahali pa mbwa mpaka mpunga uingie ghalani."

Watu wakacheka. Hakimu naye akacheka. Na kicheko kile kikageuka hukumu: mpunga ukiliwa, narudi jela, ukiingia ghalani, niko huru.

Basi hapo ndipo tulipoachana. Sasa nifuateni shambani.

*

Katika msimu wa mpunga watu wa bonde letu huzifunga nyumba zao, wakahamia mashambani. Hukaa juu ya dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu, ili jicho lifike mbali na maji yasiwafikie. Shamba la Balbina lilikuwa upande wa Namawala, nami nilifika jua limeegemea.

"Hodi hapa," nilisema.

Balbina alikuwa akitwanga. Hakuusimamisha mchi.

"Habari za hapa, mama?"

Mchi ukapanda, mchi ukashuka.

"Nimetumwa na baraza," nikasema.

"Najua umetumwa. Ungejileta mwenyewe ningeshangaa." Akaupumzisha mchi. "Unajua kupanda ngazi ya dungu?"

"Najua vizuri."

"Basi usiipande. Mlinzi wangu alikuwa akilala pale chini, kati ya miti ile. Chakula chake kilikuwa katika kile chungu kilichovunjika mdomo. Nikiita anakuja, nikinyamaza analinda. Una swali?"

"Jina langu ni Sudi, mama."

"Huyo Sudi simjui. Niliyeletewa na baraza anaitwa Mtachoka."

Nitawaeleza habari ya jina hilo. Kwetu mbwa hapewi jina la kumpendeza mbwa. Hupewa jina la kumpasha habari jirani. Mume wa Balbina alipofariki, ndugu zake walilitamani lile shamba, wakawa wanapita kando yake kila mara wakilipima kwa macho. Balbina hakugombana na mtu. Alitafuta mbwa, akamwita Mtachoka, na kila jioni akawa akisimama juu ya dungu akiita kwa sauti ya kufika mbali, "Mtachoka! We Mtachoka!" Mashemeji wakasikia kila jioni, wala hawakuwa na la kushitaki, kwa kuwa mtu hashitakiwi kwa kumwita mbwa wake.

Tangu siku ile akawa akiniita mimi.

"Mtachoka! Ndege hao upande wa mto!"

Nami, bingwa, nilikimbia upande wa mto nikipiga debe.

Jioni ya kwanza nilijaribu kusimama katika heshima yangu. Nikamwambia, "Mama, mimi ni Mwislamu. Mahali alipolala mbwa siwezi kusali."

"Mtachoka hakuwa akisali. Alikuwa akilinda."

"Ni najisi."

"Ndivyo ulivyomwambia hakimu pia, kwamba mbwa ni najisi, kama kwamba ndiyo sababu ya kumfunga mtoni. Nenda ukalinde."

Lakini asubuhi yake nilikuta pale chini pamefagiliwa, pakamwagwa mchanga safi wa mtoni, na pembeni pana ndoo ya maji. Nilipomtazama, alitazama kwingine.

"Hayo ni maji ya mbwa," alisema. "Mbwa akitaka kunawa, shauri yake."

*

Habari ilifika Ifakara kabla ya mpunga kuinamisha vichwa. Maji ya masika yalikuwa yametanda mbugani, na mitumbwi ikawa inapita kando kabisa ya shamba letu. Watu waliokuwa na njia fupi wakachagua ile ndefu, wapate kunitazama.

"Bingwa! Bweka kidogo tukusikie!"

"Mwacheni, mdomoni ana mfupa!"

"Mama Balbina, huyu hang'ati? Umemchanja?"

Aliyenikata maini zaidi ni Viktor. Viktor ndiye aliyekuwa akikaa mbele yangu katika mtumbwi wa mashindano. Mgongo wake nimeutazama miaka mingi kuliko uso wake. Siku niliyoshinda alinibeba mabegani akilia kwa furaha. Sasa akausimamisha mtumbwi wake kwa upondo, akauliza kwa upole kama mtu anayemjulia hali mgonjwa:

"Kaka Sudi, mkia umeuacha wapi?"

Wenzake wakajikunja kwa kicheko hata mtumbwi ukataka kupinduka. Nami nikaomba kwa Mola upinduke. Haukupinduka.

Sikuwangoja wanitungie wimbo. Nilijitungia mwenyewe, kwa kuwa ikiwa mtu hana budi kutukanwa, heri atukanwe kwa mizani iliyo sawa:

Bingwa wa kafi na maji, leo alinda mpunga,
Akipitiwa na mji, hana neno la kupinga,
Watu "bweka" wamhoji, naye kinywa amefunga,
Kafi kaweka darini, fimbo ndiyo aipunga.

Balbina aliusikia nikiughani. "Mtachoka wa kwanza alikuwa hajitungii mashairi," alisema kutoka juu. "Alikuwa na kazi."

Siku moja ya Jumapili, wakati Balbina amekwenda misheni kusali, akaja mjomba wangu, Maalim Zahoro, aliyenifundisha herufi ya kwanza. Alikuwa ameikunja kanzu yake hadi magotini kwa sababu ya tope, na bado alionekana nadhifu kuliko mimi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sikuja kukujulia hali. Nimekuja kutazama."

"Tazama basi, mjomba, wanavyonidhalilisha. Nalala mahali pa mbwa. Najisi tupu!"

"Najisi ya mate ya mbwa Mola ameiwekea maji na mchanga," alisema Maalim. "Najisi ya mkono wako umeitafutia maji gani?"

Nikaipangusa tope fimbo yangu.

"Mnyama yule hakupewa ulimi wa kukushitaki," akaendelea, "kwa hiyo Mola ameazima ndimi za watu wote wa Ifakara. Usiwakasirikie. Wako kazini."

"Na wewe, mjomba?"

"Mimi niko kazini pia."

Akaondoka bila kuketi. Nilimtazama hadi alipopotea kwenye manyasi, nikimchukia kwa sababu hakukosea hata neno moja.

*

Nguruwe walikuja alfajiri, mpunga umeanza kupiga rangi ya dhahabu.

Nilikuwa nimemaliza kusali nilipousikia ua ukivunjika. Nikapiga debe, nikapiga kelele, kundi likatawanyika. Lakini dume moja halikunijali. Lilisimama kwenye pengo la ua, meno yake nje, likanitazama kama watu wa Ifakara wanavyonitazama.

Nilijua jambo moja: nguruwe yule akiingia, wengine watarudi nyuma yake, na likichomoza jua hapatakuwa na shamba. Jela nilikuwa nimeiona. Nikaenda nikasimama kwenye pengo lenyewe na fimbo yangu.

Msidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa mpumbavu aliyechoka.

Dume lilinipiga muundi wa mguu, likanipasua nyama kutoka chini hadi karibu na goti. Nikaanguka palepale pengoni, na kwa kuwa nimeanguka mlangoni likakosa pa kupita. Balbina akashuka na mkuki wa marehemu na kijinga cha moto, akipiga yowe ambalo nguruwe yeyote angelielewa. Likakimbia.

Akaninyanyua mguu, akautazama.

"Mbwa wangu hakuwahi kuchanika hivi," alisema akihema. "Alikuwa na akili ya kuruka pembeni."

"Mpunga umeliwa, mama?"

"Umekanyagwa kidogo."

"Basi nifunge mguu, nirudi."

Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akaichana kanga yake, akanifunga. Nikafikiri: nilijitetea mahakamani kwa neno najisi, na sasa Mola ameniletea hata nguruwe, nisibakiwe na kisingizio cha kujificha.

Baada ya siku chache mvua ikashuka kama iliyokuwa imefungiwa. Adhuhuri maji yakafika chini ya dungu, nami nimekaa katikati yake, mguu nimeuinua juu ya kinu.

"Panda," alisema Balbina kutoka juu.

"Ulisema nisipande."

"Panda! Hata mbwa wangu nilimpandisha siku ya maji. Kidonda hicho kikinywa maji machafu utaoza, nami sina mbwa mwingine."

Nikapanda. Nikakaa ukingoni kabisa mwa dungu, mgongo nimempa, macho kwenye mpunga. Yeye akakaa upande wa pili akisuka mkeka. Tungejua kilichokuwa kikija, ningelala majini mpaka nioze.

Mtumbwi ukapita. Ndani yake alikuwa Viktor. Akanitazama juu ya dungu, akamtazama Balbina, akanitazama tena mimi.

Mara hii hakufanya mzaha wowote. Akazamisha upondo, akaenda zake kwa haraka.

Nilitamani angenitukana.

*

Nikodemu alikuja peke yake, tumekwisha kuanza kuvuna. Alichagua saa ambayo Balbina alikuwa amebeba matita kupeleka uwanja wa kupuria. Alikuwa mtu wa sauti laini, mzee mwenye kofia iliyonyooka, na mtumbwi wa mashindano wa Ifakara ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyekuwa akichagua nani akae wapi.

"Pole na kazi, mwanangu," alisema.

"Shikamoo, mzee Nikodemu."

"Marahaba. Mguu vipi?"

"Unapona."

"Vizuri. Utahitaji miguu yote miwili kuukazia mtumbwi." Akatabasamu. "Sikukuu inakaribia. Watu wa ng'ambo ya mto wanatucheka. Nimemjaribu huyu, nimemjaribu yule, hakuna anayejua kukaa nyuma. Mahali pako pako wazi, Sudi."

Ulikuwa umepita muda mrefu sana tangu mtu wa Ifakara aniite kwa jina langu bila kejeli. Moyo wangu, mnyama asiye na haya, ukaruka.

"Na wewe unataka nini, mzee?"

"Mimi? Kitu kidogo. Kesho kutwa utaitwa barazani. Hakimu atakuuliza unaishi vipi na shemeji yangu. Wewe nyamaza."

"Ninyamaze kwa nini?"

Akakaa juu ya tita la mpunga, mpunga wa watu, kana kwamba ni kiti cha nyumbani kwake.

"Katika ukoo wetu mjane hukaa na shamba la marehemu maadamu hajaingiza mwanamume. Akiingiza, shamba na kilichomo hurudi kwa ndugu. Ni desturi, sikuitunga mimi. Na shemeji yangu, maskini, ameingiza."

"Ameniingiza mimi? Si wewe mwenyewe uliyeniweka hapa, mbele ya watu wote?"

"Mimi nilikuweka chini," alisema Nikodemu kwa upole. "Nani aliyekupandisha juu?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini alicheka kwanza siku ile barazani, kabla ya wote. Mimi niliisikiliza hukumu ile kama dharau. Yeye aliipanda kama mbegu, akaenda zake akangoja mvua.

"Lakini hapakuwa na jambo lolote!" nikasema.

"Sijakwambia useme lilikuwapo. Wewe ni mcha Mungu, usiseme uongo. Nyamaza tu. Kunyamaza si dhambi. Watu watajaza wenyewe."

"Na mpunga usipoingia katika ghala la Balbina, mimi si narudi jela?"

"Utaingia ghalani kwangu. Ghala ni ghala. Hakimu ataridhika, hilo niachie mimi." Akasimama, akaipangusa suruali yake. "Umepakwa mafuta, mtumbwi ule. Unang'aa. Viktor amekubali kukaa mbele yako."

Alipoondoka nilichukua mundu, nikaendelea kuvuna. Nakwambieni kweli, enyi mnaonisoma kwa kujiona wema: sikumchukia. Nilikuwa nikiuona mtumbwi. Nilikuwa nikisikia jina langu likiimbwa kutoka kingo mbili za mto. Balbina aliporudi akaniuliza, "Nani alikuwa hapa? Tita limekaliwa," nikasema, "Sikumwona mtu."

*

Siku ya baraza watu walikuwa wengi kama siku ya mnada. Waliojua kilichoko walikuja, na wasiojua walikuja kujua. Viktor alitoa ushahidi kwanza: alipita adhuhuri, akatuona juu ya dungu, mwanamume na mwanamke, hakuna mwingine. Alisema kweli tupu, na kila neno la kweli yake lilinuka.

Balbina akaapishwa kwa msalaba. Mimi nikaapishwa kwa dini yangu.

"Sudi Mwinshehe," alisema hakimu, "swali ni fupi. Wewe ni nani kwa mwanamke huyu?"

Nikamtazama Nikodemu, aliyeketi pamoja na wazee wenzake. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, naye alikuwa akiisogeza polepole, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayepiga kafi.

Nikanyamaza.

Ukimya ule ulikuwa mtamu kwake. Niliuona ukimwingia kama uji. Watu wakaanza kunong'onezana, mwanamke mmoja akaguna, mwingine akasema, "Si nilikwambia?" Balbina alisimama wima, hakunigeukia kuniomba neno. Alikuwa amekwisha kuzoea kutotazamia kitu kwangu.

Hilo ndilo lililonishinda. Angeniomba, labda ningenyamaza mpaka leo.

"Bwana hakimu," nikasema, "mimi ni mbwa wake."

Baraza likaangua kicheko. Hakimu akapiga meza, lakini alikuwa akicheka naye.

"Sifanyi mzaha," nikasema. "Baraza hili ndilo lililonipa cheo hicho. Nilisimama mahali pa mbwa. Nimelala chini, nimekula katika chungu cha mbwa, nimeitwa kwa jina la mbwa mbele ya Wandamba na Wapogoro wote wa mbugani. Waulizeni waliopita kunitazama. Wamo humu, nawaona. Siku ya maji nilipandishwa juu kama anavyopandishwa mbwa asife. Mbwa wa kwanza aliwahi kupandishwa pia. Mbona hapakuwa na mzee aliyekuja kushitaki kwamba mjane ameingiza mume?"

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, lakini sasa kilikuwa kimegeuka upande. Kofia ya Nikodemu ikapinda kidogo.

"Maneno!" akafoka, na sauti yake laini ikapotea. "Mbwa gani anayesema kama wakili? Kama ni mbwa, abweke! Bweka!"

"Bweka!" watu wakaitikia. "Bingwa, bweka!"

Walikuwa wameniomba hivyo msimu mzima nami sikuwapa. Nilikuwa nimeibakiza heshima hiyo moja, ndogo, mfano wa mtu aliyeunguliwa na nyumba akaokoa funguo.

Niliwaona wote: waliowahi kunibeba, waliowapa watoto wao jina langu, Viktor, mjomba wangu Maalim Zahoro karibu na mlango. Nikapiga magoti chini, pale barazani, mguu mbovu ukiniuma.

Nikabweka.

Nilibweka vizuri. Niliikumbuka sauti, kwa kuwa niliisikia mtoni siku ya ushindi wangu, na tangu hapo haijanitoka masikioni. Nikaitoa jinsi ilivyokuwa, yote, na mwisho wake uliokatika.

Hapana aliyecheka tena. Waliokuwapo siku ile ya sikukuu waliitambua.

Hakimu alijifuta uso kwa leso. Akakohoa, akasema kwa haraka, kama mtu anayetaka kwenda kula:

"Basi. Basi, simama. Mzee Nikodemu, nadhani umejibiwa. Mama Balbina, limebaki neno moja kutoka kwako, shauri liishe. Huyu ni mbwa wako, sivyo? Sema ndiyo, ukavune mpunga wako."

Neno moja. Hata bubu angelitoa kwa kutikisa kichwa. Shamba lilikuwa katika neno hilo, na uhuru wangu ndani yake, na Nikodemu amekwisha kuinamisha macho chini, ameshindwa.

"Mama," akasema hakimu, "umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

"Basi sema."

Akautazama msalaba uliokuwa bado juu ya meza. Kisha akanitazama mimi, nilivyokuwa bado magotini, na ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu alipompakata mbwa wake pale mtoni.

"Hapana," alisema.

Nikaivuta ncha ya kanga yake. "Mama, sema ndiyo," nikanong'ona. "Nakuomba, sema ndiyo!"

"Nyamaza. Nimeapa." Akainua sauti, watu wote wakamsikia. "Mbwa nilikuwa naye, namjua mbwa. Mbwa hajuti. Mbwa haamki alfajiri akalia kwenye msala wake akidhani nimelala. Nimemwita mbwa msimu mzima kwa sababu nilikuwa na uchungu. Lakini sitaapa kwa msalaba kwamba hili ni kweli. Bwana hakimu, huyu ni mtu."

Enyi wasomaji, neno hilo nilikuwa nimelitamani tangu siku niliyofungwa. Ningetoa vikombe vyote vya mto kulisikia. Nami nikalipata saa ileile ambayo lilikuwa likimnyang'anya shamba, na kama ningeweza ningelirudisha kinywani mwake kwa mikono yangu.

Nikodemu alikuwa amekwisha kusimama.

"Mmemsikia!" alipaza sauti, akiwageukia wazee wenzake, akiugeukia umati. "Mimi sikusema kitu! Mmemsikia kwa kinywa chake, chini ya kiapo! Ni mtu!"

Baraza likachafuka kwa kelele. Hakimu akapiga meza, akapiga tena, mpaka pakatulia. Uso wake haukuwa na kicheko tena, wala njaa.

"Mama Balbina," alisema polepole, "nilikufungulia mlango nawe umeufunga. Sasa sina budi kukuuliza, na uko chini ya kiapo kilekile. Ikiwa ni mtu, basi alikuwa juu ya dungu lako akiwa mtu wako kwa namna gani?"

Balbina akaivuta kanga yake kutoka mkononi mwangu, akaitupia begani, akapiga hatua moja kwenda mbele. Halafu, badala ya kumgeukia hakimu, akamgeukia Nikodemu, akamnyooshea kidole.

"Nitajibu," alisema. "Lakini kwanza huyu naye aapishwe, aseme ni nani aliyetaka mtu huyu awekwe shambani kwangu, na kwa nini."